Kiitikio Kisicho na Mwenyewe

Callie Pruitt angenyamaza tu siku ile, haya yote yasingekuwepo. Angekunja mikono, akamwacha mchumba wake ajibu, kisha wakatoka pale ofisini wameshikana viuno, na wimbo wao ukaenda kuimbwa na yule mwanamke ambaye sauti yake inasikika kwenye kila gari mjini Nashville. Lakini nani alisema mwanamke aliyependa anaweza kunyamaza? Callie alikuwa amekufa ameoza kwa Emmett Sowell, na mtu wa namna hiyo hatulii mpaka wengine nao wajue amepata nini.

Walifika kwa wakili asubuhi, jua la Julai limeshaanza kubandika nguo mgongoni. Emmett aliegesha pikapu yake chini ya kivuli chembamba cha nguzo, akazima injini, akakaa. Alikuwa mtoto wa milimani, mashariki ya jimbo, mrefu, mkimya kupita kiasi, ambaye ukimsalimia anaangalia kwanza viatu vyake ndipo akuitikie. Mapajani aliweka kofia ya marehemu babu yake, akawa anaizungusha kwa ukingo. Callie akadhani ni furaha imemzidi. Akamshika shavu, akamwambia aache woga, leo si siku ya kuogopa.

"Cal," Emmett alisema, "lazima tuingie wote?"

"Kwani umewahi kuona harusi ya mtu mmoja?"

Emmett akatabasamu kidogo, tabasamu la kumridhisha tu, akashuka. Baadaye Callie aliikumbuka sana sekunde ile. Aliona kabisa kwamba mlango ulikuwa wazi hapo, na yeye ndiye aliyeusukuma ukafunga kwa mzaha.

Wimbo wenyewe uliitwa Ufa wa Mlango. Waliuandika mwezi wa pili, barafu ikigonga dirisha, kwenye chumba kidogo ambacho kampuni yao iliwapa watunzi wake. Mjini kwao kazi hufanywa hivyo: watu wawili hupewa chumba, sofa lililochakaa na birika la kahawa, waingie saa tano asubuhi na wasitoke bila wimbo. Callie na Emmett walikuwa wamefungiwa pamoja namna hiyo kwa karibu mwaka mzima, wafanyakazi wenza tu, wakila pamoja mchana na kuagana kwa kupungiana mkono. Callie ndiye aliyekuwa msemaji. Emmett alikuwa akipiga gitaa na kuitikia kwa kichwa.

Na pana desturi moja ya vyumba vile ambayo haijaandikwa popote, ila mtunzi akiivunja watu hawamtaki tena. Aliyekuwemo chumbani ni mtunzi sawa na mwenziwe, hata kama siku hiyo alichotoa ni neno moja na kikohozi. Hakuna kuulizana nani kaleta mstari gani. Kuuliza hivyo ni aibu, sawasawa na kumuuliza mgeni amekula vipande vingapi vya nyama. Wimbo ukitoka, umetoka kwetu, basi.

Asubuhi ile ya barafu Callie alikuwa na beti mbili zilizokosa kiitikio. Alikuwa amezihangaikia wiki nzima. Emmett akaingia, akavua kofia, akakaa, na bila hata ya kusema habari za asubuhi akaanza kuimba, macho yamebaki sakafuni:

*Ukizima taa, niachie ufa wa mlango,*
*nijue pa kuingilia nikichelewa;*
*mimi si mtu wa maneno wala mipango,*
*ila kwako nimefika, nimepokelewa.*

Callie alisikia vinyweleo vikimsimama mikononi. Mwaka mzima ameketi mbele ya mwanamume huyu akijiuliza ndani mna nini, kumbe mna haya! Hakuuliza ameyatoa wapi. Desturi haikumruhusu, na moyo wake nao haukuona sababu. Aliweka gitaa chini, akavuka mkeka uliokuwa kati yao, akambusu. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye mistari ile minne.

Kiitikio hicho hicho ndicho kilichomlainisha baba yake. Mzee Harlan Pruitt alipiga gitaa miaka mingi nyuma ya waimbaji wakubwa, mpaka kiharusi kikamkamata mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Tangu hapo gitaa lake lilikaa kabatini, na yeye akakaa barazani akitazama barabara. Huyu Emmett, mzee hakumtaka hata kidogo. "Mama yako, Mungu amrehemu, nilimpata kwa maneno," alimwambia binti yake. "Huyu wako anaongea na viatu vyake. Siku ukiwa na huzuni atakwambia nini?" Callie hakubishana. Alimwimbia tu kiitikio. Mzee akafuta pua, akauliza kama kweli yametoka kwa yule kijana. Callie akasema yametoka kwake, baba, kila neno. Mzee akasema basi, kama anaweza kumwambia mwanangu hivyo, mimi sina kinywa tena. Kisha akaomba aletewe gitaa lake, na harusi ikapangwa mwezi wa kumi.

Sasa mwajua walichoingia nacho kwenye ofisi ya wakili.

Bi. Voss, wakili wa kampuni, alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu na sauti ya mtu aliyelea watoto wengi. Aliwakumbatia wote wawili, akawapa chai baridi yenye sukari, akawaeleza mambo yalivyo. Yule mwimbaji anautaka wimbo, tena anautaka kuwa wa kwanza kwenye albamu. Zamani, alisema, kazi yake ingekuwa kuandika majina yao na kuwapongeza. Siku hizi mambo yamebadilika. Mashine zinatunga nyimbo, watu wanazipeleka kusajiliwa, mahakama zimeshasema wazi kwamba sheria ya hakimiliki humlinda binadamu tu, na ofisi ya hakimiliki inataka kuambiwa ukweli: kama kuna kipande kilichotungwa na mashine, kitajwe na kiwekwe kando. Kwa hiyo sharti aulize, kila wimbo, kila mtunzi, hata wale anaowafahamu. Alisema mwenyewe swali hilo linamchefua, maana anaijua desturi ya vyumba vyao. Lakini hana njia nyingine.

"Tuliandika pamoja," Emmett alisema upesi. Kwa Emmett, upesi ule ulikuwa hotuba.

Bi. Voss akaitikia, akaanza kugeukia jambo jingine. Limekwisha. Lilikuwa limekwisha kabisa.

"Usimsikilize, Bi. Voss," Callie akasema akicheka. "Huyu anajishusha mno. Beti ni zangu, lakini kiitikio ni chake chote. Mimi sikugusa hata neno. Aliingia nacho asubuhi kimekamilika, akakiimba, nikabaki mdomo wazi."

Alivunja desturi, na alijua anaivunja. Alitaka mwanamke huyu wa heshima ajue kwamba mchumba wake si bubu, kwamba chini ya kofia ile mna kitu. Alimwona Emmett akiwa mwekundu shingoni hadi masikioni, akamfinya goti chini ya meza, akamtania kwamba amezoea kujificha nyuma ya wanawake. Bi. Voss naye akacheka. Akasema vizuri, basi Emmett amsimulie kwa ufupi alivyokitunga, maana ni yeye Voss atakayeweka jina lake kuthibitisha, na katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuthibitisha uongo.

Emmett akaiweka kofia juu ya meza. Akaitazama.

"Sikukitunga mimi," alisema.

Callie aliendelea kutabasamu kwa muda, kwa kuwa uso ulikuwa haujapata habari.

Akasimulia kwa vipande, Bi. Voss akimvuta neno baada ya neno. Usiku wa kuamkia siku ile alikaa jikoni kwake, akajaribu kuandika kitu cha kuzifaa beti za Callie, hakuna kilichokuja. Akafungua ile programu ambayo kila mtu mjini anaitumia na hakuna anayekiri. Akaieleza anachotaka kusema. Ikamwandikia kiitikio, maneno na tuni. Alikusudia kumwambia Callie asubuhi ile ile, baada ya kuimba. Lakini baada ya kuimba Callie alimbusu.

"Na baada ya hapo ningesemaje?" aliuliza.

Bi. Voss alivua miwani. Akaeleza pole pole, kama daktari anayejua mgonjwa anasikiliza nusu tu. Beti ni za Callie, zinalindwa, hakuna wa kuzigusa. Kiitikio hakina mtunzi. Mashine si mtunzi, na Emmett naye si mtunzi, kwa sababu kuagiza si kutunga. Ukimweleza fundi kabati unalolitaka, hujawa seremala. Wimbo huu moyo wake ni kile kiitikio, na kampuni ya yule mwimbaji haitaununua wimbo ambao moyo wake ni wa yeyote atakayeuokota. Callie akauliza kama haiwezekani kukiandika upya. Wakili akasema wataandika, watauleta, na yule mwimbaji atasema anautaka ule wa kwanza. Anamjua.

"Kwa hiyo tumeibiwa?" Callie aliuliza.

"Hakuna aliyekuibia, binti yangu. Hakuna wa kumshtaki. Kile kiitikio hakina mwenyewe, basi. Ninyi mmeshakiimba mkahawani mbele za watu na simu zao. Kesho mtu akikiokota akakiimba, huna la kumwambia. Ni chake kama kilivyo chako."

"Na kama ningesema tuliandika pamoja?"

Bi. Voss alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza Callie kuliko yote.

"Ningeamini," alisema. "Lakini sasa nimeshasikia."

Wakatoka. Kwa kuwa mwili hufuata mazoea hata roho ikiwa imepotea, miguu yao iliwapeleka kule walikozoea kula, mkahawa wa sahani yenye nyama moja na mboga tatu, ambako makaroni huhesabiwa miongoni mwa mboga na hakuna anayeshangaa. Mhudumu wao, Dot, mama mwenye umri wa bibi anayemwita kila mtu mpenzi, aliwatunzia meza ya pembeni. Akauliza imekuwaje kwa wakili, akajijibu mwenyewe kwamba anaona wamechoka kwa furaha, akauliza gauni limefikia wapi. Callie akasema linashonwa. Dot akawaletea kuku wa kukaanga, mboga za majani, maharage, makaroni na kikapu cha mkate wa mahindi, akawaacha.

Chakula kikaanza kupoa.

Callie alitaka kupiga kelele, akashindwa. Alitaka kumpiga kofi, mkono ukawa mzito. Alichokiona mbele yake kilikuwa ni Emmett yule yule, kola ile ile ambayo yeye mwenyewe aliipiga pasi asubuhi, na ndio ubaya wenyewe, kwamba hakuwa amebadilika hata kidogo. Angekuwa amelala na mwanamke mwingine, Callie angejua la kufanya. Dada zake wangemwelekeza, rafiki zake wangekuja na aiskrimu. Kwa hili angemwambia nani, na aanzie wapi?

"Nilikupenda kwa sababu ya yale maneno," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Unalijua hilo?"

"Najua."

"Baba alikukubali kwa sababu ya yale maneno."

"Najua, Cal."

"Siku ya kuzaliwa kwangu. Uliponiomba tuoane. Yale nayo uliyatoa wapi?"

Emmett alifikiri. "Nilisema, 'Cal, unaonaje?'"

Callie akajikuta anataka kucheka, na kicheko kikageuka kitu kingine. Alifunika macho kwa kitambaa cha meza. Ni kweli, ndivyo alivyosema, unaonaje, na hakuna mashine duniani ambayo ingediriki kumpa mtu posa mbovu namna ile. Alipoondoa kitambaa alimkuta Emmett anamtazama, si viatu, yeye.

"Uliiambia nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Hiyo mashine yako. Umesema uliieleza unachotaka kusema. Ulisemaje?"

Emmett akatikisa kichwa. Akasema hayakuwa ya maana, yalikuwa ovyo ovyo, hata Bi. Voss amesema hayahesabiki. Callie akamwambia kwamba Bi. Voss hayupo mezani. Akangoja. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakumsaidia kwa kuongea yeye.

"Nilisema," Emmett alianza, akasita, akavuta kikapu cha mkate karibu bila ya kujua anakivuta. "Nilisema kuna mwanamke ananipa kona ya mkate wa mahindi. Ile iliyokauka vizuri. Kila siku. Anasema haipendi. Lakini siku tulipompelekea baba yake dawa, nilimwona jikoni, ameinamia trei ya mkate peke yake, anaikwangua ile kona kwa kucha, anaila amefumba macho."

Callie hakusogea.

"Nilisema akichelewa kufika kazini nakaa kile kiti kinachoona mlango. Nikisikia gari lake nahamia kingine, asijue. Nilisema sina cha kumwambia. Mwaka mzima nimetafuta, sina. Lakini jioni ikifika akachukua funguo zake, kila siku naona kama kuna kitu nimesahau kumpa." Akakiachia kikapu. "Nilisema sitaki aondoke. Ni hayo tu. Nikaiambia itengeneze."

Dot alipita na mtungi wa chai, akaona nyuso zao, akapitiliza.

"Kwa nini hukuniambia mimi hivyo?" Callie aliuliza.

Emmett alishangaa kweli, hata akafunua mikono.

"Hayakuwa na vina," alisema.

Ee Mungu wangu. Callie alilia pale pale, mbele ya kuku na makaroni, bila ya kujificha. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa na haya ndani yake. Haya! Kona ya mkate, kiti kinachoona mlango. Hakuna wimbo aliowahi kuuandika Callie uliofikia robo yake. Na mjinga huyu aliyachukua, akaenda kuyamwaga kwenye mashine usiku, yakarudi yamevaa suti na kuchana nywele, na yeye Callie akaibusu suti.

"Ungeniambia hayo," alisema, "ningekubali siku ile ile. Bila wimbo. Bila chochote."

"Ndiyo nakwambia sasa."

"Sasa nimekuomba. Sasa tumeshika moto, ndipo unasema. Aliyeyasikia kwanza si mimi."

"Cal, ni mimi yule yule."

"Najua ni wewe yule yule. Hilo ndilo linaloniua. Siwezi kukuchukia, nimejaribu tangu pale ofisini, siwezi. Na kukuamini siwezi. Leo umeniambia kuhusu mkate, na kabla hujamaliza sentensi nilishajiuliza haya nayo yametoka wapi. Nitakuwa hivyo maisha yangu yote? Ukinifariji msibani nikae nakusikiliza kama hakimu?"

Alimpa nafasi ajibu. Emmett aliyezoea kukosa maneno, sasa hata angeyapata asingeaminiwa, na wote wawili waliliona hilo kwa wakati mmoja. Mkono wake ulikwenda kwenye kikapu, ukachukua kona ya mkate wa mahindi, ile iliyokauka, ukaiweka kwenye sahani ya Callie. Callie aliitazama. Hakuila, wala hakuirudisha.

Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba Mzee Harlan ana haki ya kujua. Emmett akasema atamwambia yeye mwenyewe, leo leo, ana kwa ana. Callie alitaka kumkataza, akakosa sababu ya kumkatazia. Wakarudi kwa pikapu ile ile, redio imezimwa, dirisha limefunguliwa, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara.

Walimsikia mzee kabla hawajamwona. Gitaa lilikuwa linalia barazani kwa nyuma, pole pole, linakatika, linaanza tena. Callie alisimama pale pale kwenye majani. Alikuwa ameuzoea mkono ule mgonjwa, alijua mahali unapofika na mahali unaposhindwa. Kulikuwa na mkao mmoja wa vidole, katikati ya kiitikio, kwenye neno *nimefika*, ambao tangu masika ulikuwa unamgomea. Kidole kidogo hakikutii. Kila jioni mzee alikuwa akifika hapo, nyuzi zikikoroma, akitukana kidogo na kurudi mwanzo. Daktari alishasema wasitegemee zaidi.

Leo nyuzi hazikukoroma.

"Mmesikia?" mzee aliita, hajawaona bado, ametambua tu vishindo vya miguu yao. "Callie, umesikia? Kimekubali. Kidole kimekubali."

Walizunguka nyumba. Mzee Harlan alikuwa ameketi kwenye kiti chake, shati limelowa jasho, uso unang'aa, macho mekundu. Alikuwa amelia, na hakuona haya. Alisema amekuwa akijizoeza zaidi kwa siri, asubuhi Callie akiondoka tu anaanza, kwa sababu anataka kuupiga mwenyewe siku ya harusi, asije akakodiwa mtu mwingine kumpigia binti yake wimbo wake. Aliongea haraka, akirukia huku na huku. Kisha akamgeukia Emmett, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi, kofia mkononi, uso umekuwa mweupe.

Tangu siku ya kwanza mzee alikuwa akimwita "huyu wako". Baada ya kiitikio alipanda cheo, akawa "kijana".

"Panda juu, mwanangu," mzee alisema. "Njoo ukae hapa karibu. Nataka uimbe, niusikie mkono wangu vizuri. Maneno ni yako."

Emmett akapanda. Ngazi zilikuwa chache lakini alizipanda kwa muda mrefu. Akakaa. Mzee akaanza kupiga, akitazama vidole vyake kwa mashaka na mapenzi, na Callie akamwona Emmett anashusha pumzi, anainua kichwa, anamtazama mzee machoni. Akajua anachotaka kusema. Safari hii angesema bila ya kuzungushazungusha, mtu mwaminifu amechelewa nusu mwaka, na lile gitaa lingerudi kabatini kabla jua halijazama.

"Mzee," Emmett alianza, "kuna kitu—"

Callie akaimba.

Hakujua kwamba ataimba. Sauti ilimtoka tu, nyembamba, imepasuka, *ukizima taa, niachie ufa wa mlango*, na Emmett akageuka akamtazama, mdomo bado wazi. Callie alimtikisia kichwa. Usiseme. Si leo. Alijua anajifunga kamba mwenyewe, kwamba kesho atakuwa mwongo wa pili na mwezi wa kumi utakuja hivyo hivyo. Hakuona njia nyingine. Machozi yalimshuka mpaka mdomoni, baba yake akayaona, akadhani ni ya furaha, akampigia kwa nguvu zaidi.

Kiitikio kikafika pale, kwenye *nimefika*. Kidole kidogo kikashuka, kikakaa.

Callie aliendelea. Aliimba maneno ya hakuna mtu, akiyamaanisha yote, na hakukuwa na yeyote duniani mwenye haki ya kumkataza.